BAWABU WA TOVUTI: ANAJUAJE NCHI YA MGENI?

Somo la redio kwa watu wazima, kama lilivyosomwa hewani

MWALIMU: Wekeni kitabu hiki wazi mbele yenu, maana katikati ya somo tutatazama mistari michache iliyochapwa, na asiye na kitabu itamwia shida kutufuata. Hapa studio ninao wanafunzi wawili, Mzee na Mama. Nimewaomba wanikate maneno kila watakapoona nakwenda mbio.

Katika somo lililopita tulisema kwamba tovuti ni kurasa zilizowekwa ndani ya kompyuta inayowaka usiku na mchana, na kompyuta hiyo huitwa seva. Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo bila shaka limewapata wengi wenu. Mtu anafungua tovuti kwa simu yake, labda ataka kutazama mpira au kusoma gazeti la mbali, mara anaona maandishi haya: "Samahani, huduma hii haipatikani katika nchi yako." Hakuulizwa jina. Hakuulizwa anakaa wapi. Basi huyo bawabu wa mlangoni amejuaje?

MAMA: Hilo ndilo nililotaka kuuliza, Mwalimu. Mimi niliambiwa kwamba simu ndiyo inayokwenda kunisema.

MWALIMU: Simu yasema mengi, Mama, lakini katika jambo hili haina haja ya kusema sana. Bawabu hutazama kitu kimoja tu, nacho ni namba. Ukipeleka barua, nyuma ya bahasha huandika anwani yako ili upate majibu. Simu yako nayo ikiomba ukurasa, huandika namba ya kurudishia. Bila namba hiyo seva haina pa kupeleka ukurasa ulioutaka. Kwa hiyo namba haiwezi kufichwa kabisa. Ni lazima iwepo namba fulani, hata kama si yako mwenyewe. Tutafika hapo.

Namba hiyo huitwa anwani ya intaneti, na mafundi huiita kwa herufi mbili, IP. Ile ya zamani ina mafungu manne yenye nukta katikati, na kila fungu ni hesabu kati ya 0 na 255. Tazameni mfano huu: 203.0.113.25. Msiogope kuiandika, kwa kuwa namba hii imetengwa kwa mifano ya vitabuni tu na haina mwenyewe. Ukizidisha mafungu hayo manne, namba zote zinazoweza kupatikana ni 4,294,967,296. Nyingi, lakini watu duniani wamezipita, ndiyo sababu zikatungwa namba mpya zilizo ndefu zaidi, na ndiyo sababu makampuni ya simu huwapa wateja wengi namba moja ya kushirikiana.

MZEE: Na hizo namba zatolewa na nani? Serikali?

MWALIMU: Siyo serikali, Mzee. Dunia imegawanywa mafungu matano, na kila fungu lina ofisi yake ya kugawa namba. Sisi wa Afrika twagawiwa na AFRINIC, iliyoko kisiwani Mauritius, na ambayo ilitambuliwa rasmi mwaka 2005. Kabla ya hapo Waafrika walikwenda kuomba kwa wenzao wa mbali. Ulaya wana ofisi yao mjini Amsterdam, nayo huhudumia Oman na nchi nyingine za Ghuba pia. Ofisi hizo huyapa makampuni ya intaneti namba kwa mafungu makubwa, nazo huandika katika daftari iliyo wazi kwa watu wote kwamba fungu hili amepewa fulani wa nchi fulani.

Sasa fikirini namba za magari. Gari likipita mjini Arusha lina kibao cha Kenya, utasema, "Hilo ni gari la Kenya." Umesema kweli. Lakini je, dereva ni Mkenya? Hujui. Je, mwenye gari amehamia Arusha tangu mwaka juzi? Hujui. Kibao kimekuambia gari liliandikishwa wapi, basi. Namba ya intaneti ni vivyo hivyo. Mtakaposahau mengine yote ya somo hili, kumbukeni kibao cha gari.

MAMA: Kwa hiyo bawabu anasoma kibao tu.

MWALIMU: Anasoma kibao, halafu anafungua kitabu. Yako makampuni ambayo kazi yao ni kutunga kitabu kikubwa cha namba. Huchukua zile daftari za ofisi za ugawaji, wakaongeza habari walizozipata kwa njia nyingine, wakaandika: kuanzia namba hii mpaka hii, Tanzania; kuanzia hii mpaka hii, Ureno. Moja katika hayo ni MaxMind ya Marekani. Inacho kitabu cha kuuza, na kingine cha bure ambacho si hodari sana kama cha kuuza. Tangu mwisho wa mwaka 2019 hata hicho cha bure hupewi mpaka ujiandikishe.

Katika kitabu hicho nchi haziandikwi kwa majina marefu bali kwa herufi mbili. Andikeni: Tanzania ni TZ, na Zanzibar imo humo humo. Kenya ni KE, Uganda ni UG, Rwanda ni RW, Burundi ni BI, Oman ni OM. Kongo ya Kinshasa ni CD, na Kongo ya Brazzaville ni CG, angalieni msichanganye. Uingereza ni GB. Wengi huandika UK kwa mazoea, kisha hushangaa kwa nini bawabu wao hamtambui Mwingereza hata mmoja.

MZEE: Mwalimu, naomba kukukata maneno. Chama chetu cha kuweka na kukopa kina tovuti. Mimi ni mweka hazina. Kijana wetu wa kompyuta ametuonyesha kwamba kila usiku watu wa nchi za mbali hujaribu maneno ya siri mlangoni pa karani, mamia kwa mamia. Kamati imekata shauri kuwafungia wote wasio wa Tanzania. Ndiyo maana nimekuja kwa somo hili.

MWALIMU: Ahsante, Mzee. Hilo ndilo jambo lenyewe, nasi tutalifanyia kazi hapa hapa. Tovuti nyingi duniani hupewa amri kwa lugha iitwayo PHP. Aliyeianzisha ni Rasmus Lerdorf, mtu aliyezaliwa Greenland. Alianza kuitunga mwaka 1994 kwa ajili ya ukurasa wake mwenyewe, na mwaka 1995 akaitoa kwa watu wote. Maneno yake ni ya Kiingereza, lakini majina ya vyombo twaweza kuyaita kwa Kiswahili, na mimi napendelea hivyo, maana mtu husoma vizuri zaidi lugha yake. Sasa tazameni kitabuni:

$namba = $_SERVER['REMOTE_ADDR'];
$nchi = tafuta_nchi($namba);
$ruhusa = ['TZ'];
if (!in_array($nchi, $ruhusa)) {
    http_response_code(403);
    echo 'Ukurasa huu ni wa karani wa chama.';
    exit;
}

Alama ya dola hapo haina habari ya fedha. Yaonyesha kwamba neno linalofuata ni jina la chombo cha kuwekea kitu. Mstari wa kwanza wasema: chukua namba ya huyu aliyebisha hodi, uiweke katika chombo kiitwacho namba. Mstari wa pili: fungua kile kitabu, tafuta namba hiyo ni ya nchi gani, uweke jibu katika chombo kiitwacho nchi. Lile neno "tafuta_nchi" ni kazi ndogo ambayo fundi wenu ataiandika mahali pengine. Mstari wa tatu ni orodha ya nchi zenye ruhusa, na hapa tumeweka moja tu.

Mstari wa nne ndio bawabu mwenyewe. Neno lake la kwanza maana yake "kama", na ile alama ya mshangao maana yake "si". Basi usome: kama nchi hii si mojawapo katika orodha, fanya haya yafuatayo. Ndipo mgeni hupewa hesabu 403, ambayo kompyuta zote huifahamu kuwa "umekatazwa", kisha huandikiwa maneno, kisha neno la mwisho husimamisha kazi yote pale pale. Neno hilo la mwisho lisisahauliwe. Likikosekana, bawabu atasema "hairuhusiwi" huku ameacha mlango wazi, na mgeni atapita akiwa amesoma tangazo.

Tena mistari hii huwekwa juu kabisa, kabla ya neno lolote la ukurasa halijatoka, kwa sababu ile hesabu ya 403 hutangulia mbele ya maandishi. Na kila mlango uwe na bawabu. Mgeni hapiti lazima mlango wa mbele. Aweza kuandika anwani ya chumba cha ndani akaingia moja kwa moja.

MAMA: Mimi nina swali kwa Mzee, Mwalimu akiniruhusu. Mwanangu yuko Muscat, naye ni mwanachama wa chama kama hicho. Hutazama akiba yake kwa simu kila mwisho wa mwezi, kisha hupeleka fedha. Sasa kibao chake ni cha Oman. Mkifunga, yeye atabisha wapi?

MZEE: Hilo kamati haikulifikiri.

MWALIMU: Wala si kamati yenu peke yake. Watu hufunga nyumba nzima kwa sababu ya mlango mmoja. Tazama, Mzee: wale wezi wa usiku wanabisha mlango gani? Wa karani. Karani anakaa wapi? Hapa nchini, ofisini. Basi bawabu huyu mweke mlango wa karani peke yake, na ndiyo sababu maneno niliyoandika katika mfano yasema "Ukurasa huu ni wa karani." Milango ya wanachama iacheni wazi kwa nchi zote, ila mtu akikosea neno la siri mara kadhaa mlango umpumzishe kwa muda. Na karani apewe kufuli ya pili, yaani ile tarakimu ya dharura inayobadilika kila mara katika simu yake. Kwa maoni yangu kufuli hiyo ya pili yashinda mabawabu wa nchi kumi, maana mwizi hodari aweza kuazima kibao.

MZEE: Kuazima vipi?

MWALIMU: Iko njia iitwayo VPN. Mtu aliye mbali hupitisha maombi yake kwanza katika kompyuta iliyoko nchi nyingine, na kompyuta hiyo ndiyo inayobisha hodi kwako, kwa namba yake yenyewe. Wewe waona kibao cha TZ. Katika nchi nyingi si jambo la uhalifu kwa lenyewe. Makampuni mengi huitumia ili wafanyakazi wao wasisikilizwe njiani. Lakini sasa mwafahamu kwamba bawabu wa nchi huwazuia wavivu na wale wasiojua kujificha, na kwa bahati mbaya watu waaminifu ndio wasiojificha.

Lipo na jambo la pili la kumwuliza kijana wenu. Tovuti nyingi siku hizi husimama nyuma ya kampuni ya kugawa kurasa, kama Cloudflare. Mgeni hubisha kwa hiyo kampuni, nayo ndiyo inayobisha kwenu. Fundi asipoiweka seva sawa, ule mstari wa kwanza utasoma namba ya kampuni badala ya ya mgeni, na wanachama wa Tanga na wezi wa mbali wote wataonekana wana kibao kimoja. Kampuni hizo huweza kuleta nchi ya mgeni imekwisha andikwa pembeni ya ombi. Ni vizuri kuitumia, lakini kwa sharti kwamba ombi limepita kwao kweli. Mtu akifika kwa mlango wa nyuma aweza kujiandikia nchi aitakayo.

Sasa twende kwenye jambo ambalo mafundi wengi hulipita upesi, nami sitaki tulipite. Je, namba isipopatikana kitabuni? Hutokea. Fundi akijaribu programu katika kompyuta yake mwenyewe, namba yake ni 127.0.0.1, ambayo maana yake ni "mimi mwenyewe". Hiyo haina nchi. Namba za ndani ya nyumba zianzazo na 192.168 nazo hazina nchi. Namba nyingine zimeuzwa na kampuni moja kwa nyingine, zikahama nchi, na kitabu chako ni cha mwaka jana. Mwenye intaneti ya setilaiti aweza kuonekana yuko katika nchi ya kituo cha ardhini, wala si katika kijiji chake.

Programu ikikosa jibu, lazima iwe imeambiwa la kufanya. Mtu mvivu huandika: kama hujui, sema ni nchi fulani. Nitawaeleza lililotokea Marekani kwa sababu ya uvivu wa namna hiyo.

MaxMind walikuwa na namba nyingi ambazo walijua ni za Marekani, lakini hawakujua ni za mji gani. Wakahitaji mahali pa kuziweka katika ramani. Wakatazama katikati ya nchi, wakachagua hesabu nzuri isiyo na desimali nyingi: nyuzi 38 kaskazini na nyuzi 97 magharibi. Mahali hapo, karibu na mji mdogo wa Potwin katika jimbo la Kansas, palikuwa na shamba na nyumba ya watu. Namba zaidi ya milioni 600 ziliandikiwa kiwanja hicho.

MAMA: Shamba moja?

MWALIMU: Shamba moja, Mama. Kwa miaka mingi watu wa shamba lile walipata wageni wasiowaelewa. Polisi walifika kutafuta wezi wa mtandaoni. Wengine walifika kutafuta watoto waliotoroka kwao. Watu waliotapeliwa walipiga simu kutukana. Kila mmoja alikuwa amesoma namba, akafungua kitabu, na kitabu kikamwonyesha nyumba ile. Waliokaa humo hawakujua sababu mpaka mwandishi wa habari alipoifuatilia na kuitangaza mwaka 2016. Hapo kampuni ikahamisha alama ile, ikaiweka katikati ya ziwa lililoko magharibi ya mji wa Wichita, mahali pasipo mlango wa kubisha. Wapangaji wa nyumba walifungua kesi mwaka ule ule.

Angalieni vizuri kosa lenyewe. Kitabu hakikusema uongo kuhusu nchi. Marekani ni Marekani. Kosa ni kwamba "sijui" iliandikwa kwa namna ambayo msomaji aliiona ni "najua". Kwa hiyo katika kazi yetu ya "tafuta_nchi", namba isipopatikana, jibu liwe tupu kabisa, wala lisiwe nchi yoyote. Kisha chama chenyewe kiamue: mwenye jibu tupu afanyiwe nini? Mlangoni pa karani, akataliwe, maana karani aweza kupiga simu kwa fundi. Mlangoni pa wanachama, aingie. Hilo ni shauri la kamati, siyo la kijana wa kompyuta.

MZEE: Na wale wanaofunga tovuti kubwa, za mpira na sinema, wao wana sababu gani?

MWALIMU: Mara nyingi ni mikataba. Mtu huuziwa haki ya kuonyesha mchezo katika nchi moja, na mwingine katika nchi nyingine, na kila mmoja ametoa fedha ili mwenzake asiingie katika shamba lake. Hilo halina mengi ya kueleza. Sababu nyingine ni sheria, na hapo pana mfano mzuri. Tarehe 25 Mei 2018 ilianza kutumika sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda habari za watu. Magazeti ya Los Angeles Times na Chicago Tribune hayakuwa tayari kuifuata siku ile, basi yakawafungia wasomaji wa Ulaya. Mswahili aliyeko London asubuhi hiyo alikatazwa, kwa kuwa Uingereza ilikuwa bado ndani ya Umoja huo, na nduguye aliyeko Tanga alisoma bila taabu. Sheria ililenga kumlinda msomaji. Magazeti yakaona ni rahisi zaidi kumfukuza.

Kwa mambo ya namna hiyo kompyuta zimepewa hesabu nyingine badala ya 403. Tangu mwaka 2016 iko hesabu 451, yenye maana ya "imezuiwa kwa sababu ya sheria". Ilichaguliwa kwa kumbukumbu ya kitabu cha Ray Bradbury cha mwaka 1953, kilichohusu nchi inayochoma vitabu, na chenye hesabu hiyo katika jina lake. Ukimzuia mtu kwa amri ya sheria, mpe 451 na umwambie ni sheria gani. Ukimzuia kwa hiari yako, mpe 403. Na katika hali zote mbili mwandikie namba ya simu au anwani ya barua. Yule aliyesomwa kibao vibaya hana njia nyingine ya kukuambia.

MAMA: Na duka, Mwalimu? Mtu akifunga Marekani kwa kuwa hana wateja huko?

MWALIMU: Ajihadhari, Mama. Google hutuma programu zake kuzunguka na kusoma kurasa zote, na nyingi hutoka kwa namba za Marekani. Ukiifunga Marekani mlango wa mbele, umeifungia na Google, na baada ya muda mteja wa jirani akitafuta duka lako hatalipata.

Muda wetu unakwisha. Zoezi la juma hili ni hili. Kila darasa lichukue ile mistari minane na kuinakili daftarini kwa mkono, mkiangalia kila alama. Kisha ongezeni Kenya na Oman katika orodha ya ruhusa. Mtaona kwamba herufi hukaa ndani ya alama za kunukuu na hutengwa kwa mkato. Halafu jadilianeni: mgeni ambaye nchi yake haikupatikana, bawabu aliyeandikwa hivi atamfanya nini? Jibu limo katika mstari wa nne. Na kama darasa lenu lina chama, semeni ni milango ipi mngemweka bawabu huyu, na ipi mngeiacha, na nani kati yenu yuko nje ya nchi. Mwalimu wa darasa akusanye majibu na kuyapeleka kwetu kabla ya siku ya somo. Juma lijalo tutasoma juu ya maneno ya siri. Kwaherini.